Bakshishi ya harusini inatoka mfuko wa nani?

Saa tano na nusu usiku. Keki imeshaliwa, MC anaita watu wacheze wimbo wa mwisho, na mhazina wa kamati kazungukwa nyuma ya ukumbi. Mpiga video anakumbushia salio lake. Jamaa wa mapambo anasubiri wageni watoke ashushe vitambaa vyake. Kijana wa jenereta naye anasogea: "Bosi, na sisi tukumbuke, hata ya maji." Nimekuwa mhazina wa kamati za harusi mara tatu hapa Dar es Salaam, na hiyo "hata ya maji" ilinishinda mara mbili za kwanza.

Wanaokataa kutoa wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Harusi zetu nyingi zinasimama kwa michango. Aliyetoa laki moja akapewa kadi ya double alitoa ili shughuli ya maharusi ifane, hakutoa ili mhazina aonekane mkarimu usiku wa manane. Na mtoa huduma hakuonewa: alikuja kikaoni, akataja bei, tukabembelezana, akapunguza, akapokea kianzio. Hayo ndiyo mapatano. Ukianza kuongeza juu yake hujui utaishia wapi. Leo ya maji, kesho ya mafuta ya gari, wiki ijayo albamu haitoki mpaka "umwangalie kijana anayesafisha picha". Inayodaiwa kabla kazi haijaisha siyo bakshishi tena, na sote tunalijua jina lake.

Lakini wakisema bakshishi ni mambo ya kuiga, hapo siwafuati. Harusi za Pwani zimejaa fedha za namna hiyo tangu zamani. Kuna kiosha miguu, kuna kipa mkono, na bwana harusi akifika chumbani kuna kifungua mlango, ambapo akina mama wanaziba njia kwa vicheko mpaka mkono uingie mfukoni. Kwenye taarabu mtu anainuka taratibu, anacheza mpaka jukwaani na noti yake hewani, anamtuza mwimbaji, anarudi kitini. Hakuna aliyemwambia kwamba bendi imeshalipwa. Matarumbeta nayo: gari la maharusi likifika ukumbini, mpulizaji anabandikwa elfu kumi kwenye paji la uso na anaendelea kupuliza kama hajaiona.

Kwa hiyo kutoa tunajua. Ila ukitazama vizuri, tuzo zetu zinakwenda kwa anayeonekana. MC, ambaye pengine ndiye aliyelipwa vizuri kuliko wote mle ndani, anatuzwa. Akina mama waliomenya viazi tangu alfajiri na watakaosugua masufuria mpaka saa nane usiku, nani anawajua? Vijana waliopanga viti mia tatu watavipandisha vyote kwenye Fuso tukiwa tumeshalala. Wengi wao ni vibarua wa siku, tajiri wao ndiye aliyepatana na kamati, wao hawakuwepo. Na ile bei tuliyoipunguza kikaoni tukapongezana, imepunguzwa kutoka wapi? Nina shaka sana kama ilitoka kwenye faida ya tajiri.

Kuna bakshishi moja ambayo haina mtetezi kwangu, nayo ndiyo iliyoenea kuliko zote: ile ya mgeni kwa mhudumu wa vinywaji. Mgeni anakaa, anamwita kijana pembeni, anamchomekea elfu tano, na kuanzia hapo meza yake haikauki bia. Meza ya wajomba waliotoka mkoani inaambiwa vinywaji vimekwisha. Zile kreti zilinunuliwa na kamati kwa hesabu ya kila meza, kwa hiyo mgeni yule kanunua kwa elfu tano kitu kisicho cha mhudumu kuuza. Halafu anasifiwa kwamba ana mkono mzuri.

Ndugu zetu walioko Marekani wakija kuolea nyumbani huleta hesabu ya asilimia, 15 au 20. Hesabu hiyo ina kwao. Kule sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, kwa matarajio kwamba bakshishi itafidia pengo lililobaki. Ukiihamishia asilimia hiyo kwenye bajeti ya michango, kamati itavunjika siku hiyohiyo. Kitu kimoja cha kwao lakini ningekichukua: kwa desturi yao ya zamani mwenye kampuni hatarajii bakshishi, maana bei kajipangia mwenyewe. Wanaopewa ni wafanyakazi wake, na bahasha huandaliwa kabla ya siku.

Mara ya tatu nilijaribu hivyo. Kwenye bajeti, chini ya usafiri, niliandika mstari mmoja: "Asante kwa vijana, 150,000." Mwenyekiti aliuliza kama sasa tumeanza kuandika rushwa kwenye karatasi. Mjumbe mwingine akasema ni heri iandikwe kuliko itolewe gizani. Tulibishana kuliko tulivyobishana kuhusu keki, tukashukia 100,000, na sharti likawekwa: itolewe kazi ikishaisha, mkononi mwa anayefanya kazi, si kwa MC wala mpiga picha. Nikazichenji noti za elfu tano, ishirini.

Usiku ule tajiri wa chakula aliniomba nimkabidhi yeye zote, atawagawia kesho ofisini. Kwa upande wake alikuwa na sababu: hataki vijana wake wazoee kumzunguka mteja. Nilimwelewa, sikumpa. Nikaenda mwenyewe jikoni na kwenye gari la viti, nikagawa nikihesabu. Walikuwa ishirini na tatu. Ile elfu kumi na tano iliyopelea niliitoa mfukoni mwangu, na kwenye taarifa ya mapato na matumizi sikuiandika.