Bendi ya jazz ya wanafunzi inampigia nani?

Mwaka 1947 chuo kimoja cha ualimu huko Denton, Texas, kilianzisha shahada ya muziki wa jazz, cha kwanza Marekani kufanya hivyo, kisha kikaogopa kuiita kwa jina lake. Jazz lilikuwa neno la vilabuni, la pombe na uhuni. Mzazi gani angetoa ada mtoto akasomee hayo? Kwenye makaratasi wakaandika "bendi ya dansi". Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume chake. Tulikuwa na bendi za dansi tupu, za magita na mdomo wa bata, yaani saksafoni, zikipiga rumba na chacha, nazo zikajiita Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz. Neno lililokuwa aibu Texas, kwetu lilikuwa suti na tai.

Chuo kile leo kinaitwa University of North Texas. Bendi zake za wanafunzi zimepewa majina ya saa za mazoezi, na maarufu kuliko zote ni One O'Clock Lab Band, yaani bendi ya saa saba mchana kwa hesabu ya saa zetu. Aibu imekwisha, shahada zimejaa, lakini ubishi uliozaliwa siku ile bado upo. Ukiwatazama vijana 17 wa sekondari waliojipanga jukwaani na saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, piano, besi, gitaa na ngoma, wote wakikata noti kwa mkupuo mmoja kama wembe, utasikia kauli mbili. Wapo wanaosema hawa ndio waliouokoa muziki huu. Wapo wanaosema hawa ndio wanaouzika, na sanda wameishona vizuri.

Nianze na hawa wa sanda, maana wana hoja nzito kuliko wanavyopewa haki. Jazz, wanasema, ni mazungumzo. Mtu anaingia na la kwake, mwenzake anampokea, na hakuna anayejua sentensi itaishia wapi. Ukiyaandika mazungumzo hayo kwenye karatasi, ukampa mtoto wa miaka 16 ayasome neno kwa neno, umemfundisha kukariri ugomvi wa watu wengine. Tena katika bendi ya watu 17, wanaosimama kupiga solo ni watatu au wanne, na mara nyingi ni wale wale. Waliobaki wanamaliza miaka yao ya shule wakiwa tromboni ya tatu. Wanatoka wamejua kusoma na kunyamaza, bila kupata nafasi ya kusema lao hata mara moja.

Halafu watakutajia mpiga saksafoni Charlie Parker. Ni kisa kinachosimuliwa kila mahali: mwaka 1936, kijana wa miaka kama 16, anapanda jukwaa la Reno Club mjini Kansas City kujipima na wakubwa. Anapotea katikati ya solo. Jo Jones, aliyekuwa kwenye ngoma, anang'oa toazi lake na kulitupa sakafuni, kishindo kikamwambia kijana ashuke. Akashuka. Baadaye akaja kuwa mmoja wa wakubwa wa muziki huu. Shule ya jazz ndiyo ile, wanasema, na haina kengele ya kumaliza kipindi.

Wanaokipenda kisa hiki husahau nusu yake. Parker alikuwa amepitia bendi ya shule yake, Lincoln High School, kabla ya kufika pale. Na baada ya aibu ile hakurudi jukwaani kesho yake kwa kiburi. Kiangazi kilichofuata alijichimbia na bendi ndogo nje ya mji, akiwa na sahani za mpiga saksafoni Lester Young, akazirudia solo zile mpaka zikamwingia kwenye vidole. Hilo ni darasa, hata kama mwalimu alikuwa gramafoni. Mimi kinachonisumbua zaidi ni hesabu nyingine: vijana wangapi walitupiwa toazi wakaenda nyumbani na hawakurudi tena? Wasichana wangapi hawakuthubutu hata kuukaribia mlango wa Reno Club usiku? Hao hawana wa kuwasimulia. Ukumbi wa usiku unasifiwa na waliopona.

Hata mpiga tarumbeta Louis Armstrong, anayetajwa kama ushahidi wa kipaji cha mtaani, alishika korneti, ile tarumbeta fupi, kwa mafunzo ya kweli katika nyumba ya watoto watukutu New Orleans, alikopelekwa baada ya kufyatua bastola mkesha wa mwaka mpya wa 1913. Kulikuwa na bendi na mwalimu pale. Baadaye, kwenye bendi ya Fate Marable iliyopiga ndani ya meli za mto Mississippi, akakaa chini kujifunza kusoma noti sawasawa. Sikio lilitangulia, karatasi ikafuata, na hatujasikia kwamba karatasi ilimharibu.

Kwa hiyo upande wa pili una ushahidi wake, na ulio bora kuliko wote nauona Chicago. Katika shule ya DuSable, kuanzia 1935, alifundisha mtu mmoja mkali aliyeitwa Kapteni Walter Dyett. Cheo alikipata kwa kuongoza bendi ya jeshi, na hakukivua darasani. Mikononi mwake walipita mwimbaji Dinah Washington na wapuliza saksafoni Gene Ammons, Von Freeman na Johnny Griffin. Griffin alimaliza shule mwaka 1945, na siku chache baadaye alikuwa ameshachukuliwa na bendi ya Lionel Hampton. Ukiwasikiliza hawa wapuliza saksafoni mmoja mmoja, hakuna anayefanana na mwenzake. Kama darasa linazalisha watu wenye sauti moja, hapa lilishindwa vibaya.

Dyett alifanya nini ambacho bendi nyingi za shule hazifanyi leo? Karatasi alikuwa nayo, na kukosea alikuwa hakuvumilii. Ila kila mwaka wanafunzi wake waliandaa onyesho kubwa lililoitwa Hi-Jinks, la nyimbo, ngoma na vichekesho, watu wa mtaa wakinunua tikiti, na fedha zikirudi kwenye vyombo na muziki wa shule. Mtoto aliyepiga vibaya hakukatwa alama na jaji. Aliwaona majirani zake wakipiga miayo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Ubishi wa karatasi na sikio nauona umekaa pembeni ya jambo lenyewe. Swali linalozaa mengine yote ni bendi ile inampigia nani.

Chukua mfano wa karatasi yenyewe. Tangu msimu wa 1995 na 1996, taasisi ya Jazz at Lincoln Center ya New York inagawa bure kwa shule za sekondari maandishi ya muziki wa Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi, kisha bendi zinatuma rekodi, na zilizochujwa zinakutana New York kila Mei kwenye shindano liitwalo Essentially Ellington. Kutoa bure maandishi yale si jambo dogo. Shule isiyo na senti inapata muziki ule ule uliopigwa na bendi ya Ellington mwenyewe. Sasa mwanafunzi wa tromboni anafungua ukurasa, anakuta juu ya noti zake alama ya kujumlisha hapa na kiduara pale. Maana yake: ziba, zibua. Anatakiwa ashike mbele ya tromboni kile kimpira cha fundi bomba cha kuzibulia sinki, hicho hicho, kilichong'olewa mti wake, akifunge na kukifungua kama kiganja mbele ya mdomo. Joe Nanton wa bendi ya Ellington alifanya hivyo miaka ya 1920 na tromboni ikalia kama mtu anayelalamika kwa jirani. Lakini ule mngurumo unatoka kooni, na karatasi haina alama inayofundisha koo. Mtoto lazima aende kwenye rekodi, asikilize, ajaribu, achekwe, ajaribu tena. Karatasi nzuri inamrudisha mwanafunzi kwenye sikio. Haya mambo mawili hayakuwahi kuwa maadui.

Tatizo linaingia pale hadhira ya mwisho inapokuwa meza ya majaji. Nao si watu wabaya, wengi ni wapigaji wakubwa. Ila shindano lina tabia yake: linapima kinachopimika. Kuingia pamoja kunapimika, kukosea noti kunapimika. Mwalimu mwenye akili anaona hivyo na anaanza kupunguza hatari. Anachagua kibao ambacho bendi inakimudu kwa asilimia mia, anampa solo kijana ambaye ana mwalimu wa kulipia nyumbani, na pengine solo yenyewe inaandikwa wiki tatu kabla. Waandaaji wa New York wenyewe wanalijua hili, ndiyo maana ndani ya siku zile huweka muda wa vijana wa shule mbalimbali kuchanganyika na kupiga ya kichwani. Nasikia wanafunzi wengi hukumbuka saa hizo kuliko kombe. Siwashangai.

Kwetu shule ya namna hiyo ilikuwepo, ila haikuwa na ubao. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo ni mali ya chama, wanamuziki wanalipwa mshahara. Polisi walikuwa na yao, JKT walikuwa na yao. Kijana alianza kwa kubeba spika, akawa deiwaka siku mpiga gitaa la rizimu akiugua, akapanda polepole. Mjomba wangu alijifunza saksafoni kwa njia hiyo. Noti hakuzijua hata moja, ila wimbo ukianza kwenye redio ya jirani alikuwa anakwambia utageukia wapi kabla haujageuka. Na alikuwa na kipimo kimoja tu cha bendi: chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likianza, nani bado amekaa kwenye kiti?

Mashirika yale yalipoyumba na mengine kufa, bendi nyingi zilikwenda nayo, na darasa lile lisilo na ubao likafungwa bila tangazo. Leo kijana wa Dar anaweza kutoa kibao kikali akiwa peke yake chumbani na kompyuta, na sina ugomvi naye. Ila hajawahi kusubiri mpiga besi amalize. Kwa hiyo kikundi cha wanafunzi kinachopiga vyombo pamoja si anasa tena huku kwetu. Karibu ndipo mahali pekee palipobaki. Pale Zanzibar, Dhow Countries Music Academy inafundisha tangu 2002, taarabu na vyombo vya kigeni chini ya paa moja. Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulianza Korogocho mwaka 2008, na kuanzia 2014 tamasha la Safaricom Jazz likauchangia fedha na kuwapandisha vijana wake jukwaani mbele ya watu waliokata tikiti kuja kustarehe. Hii ya pili ndiyo inayonivutia. Mtu aliyelipa kiingilio akaagiza nyama choma hajali umefaulu mtihani wa daraja gani. Akigeuza kichwa, umeshinda.

Najua udhaifu wa ninachokisema. Hadhira ya starehe nayo ina ukatili wake. Inataka kibao kile kile ilichokizoea, inapiga kelele, inalewa. Mtoto anayepiga harusi tatu kwa wiki atasinzia kwenye hesabu, na watu wazima watakaogundua kwamba bendi ya wanafunzi ni rahisi kuliko bendi ya kulipwa hawatachelewa kuitumia. Mzazi anayesema muziki ni uhuni hajatunga, kuna aliyoyaona. Na kuna muziki mzuri usiochezeka, unaohitaji ukimya na wasikilizaji wachache wenye subira. Ukimlea kijana kwa makofi peke yake, huo hataufikia. Kwa hiyo sisemi vijana wapelekwe baa. Sherehe ya mtaa mchana, siku ya wazazi, uwanja wa kanisa, soko likifungwa: mahali ambapo watu wanaweza kuondoka wakichoka. Hiyo ruhusa ya kuondoka ndiyo mwalimu asiyekuwepo kwenye ukumbi wa mashindano.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kukaa meza ya majaji kwenye mashindano ya muziki ya shule. Karatasi ya alama ilikuwa na safu za usahihi wa noti, mwendo, mpangilio wa jukwaa na mavazi. Kikaja kikundi cha watoto sita, saksafoni moja ya kuazima mikononi mwa binti mwembamba. Katikati ya solo yake mpiga besi akaruka vipimo viwili, na wote tukasikia nyumba ikiyumba. Binti hakusimama. Akaishikilia noti moja, ndefu, macho kwa besi, mpaka yule kijana akajua alipo na kurudi. Halafu kutoka kwenye noti ile ile akatengeneza kipande kipya ambacho nina hakika hakikuwepo kwenye mazoezi, mpiga ngoma akamjibu, binti akacheka na saksafoni ikiwa mdomoni, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Dirishani kwa nyuma wapishi wa shule walikuwa wameacha masufuria.

Jaji wa kulia kwangu aliandika: walipotea. Hakukosea, walipotea kweli. Nikatafuta safu ya kuandika kilichotokea baada ya hapo, sikuiona, nikageuza karatasi na kuandika nyuma, mistari kama kumi. Mwenyekiti alinieleza kwa upole kwamba maandishi ya nyuma hayahesabiwi. Wakatoka wa nne. Mwaka uliofuata sikuitwa.