Waziri wa Chakula na Mbolea

Najua wengi wenu mmeshaiona ile klipu ya mimi kuumbuka kwenye gemu. Jamaa yangu hakusubiri hata mchezo uishe; kaikata sekunde 12, kaacha kicheko chake humo humo, kasambaza. Sawa. Ila klipu inaanza nikiwa nimeshafungua sanduku. Bora mjue nilifikaje pale, mnicheke mkiwa na ushahidi kamili.

Tulikuwa watatu, Don't Starve Together, gemu la kuishi porini bila kufa njaa, dunia mpya. Wenzangu kazi yao kukata miti na kupigana. Mimi nikajiteua msimamizi wa chakula. "Nyie hamna nidhamu, mtamaliza kila kitu kabla ya baridi." Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Siku ya 13 ya mchezo tukaangusha bifalo watano, wale wanyama wa manyoya kama nyati. Kila mmoja nyama 4, jumla 20. Nikaenda kuhifadhi.

Friji ina nafasi 9, nami nikaipanga kama kabati la vyombo vya wageni. Asali nikaitawanya nafasi nne, ionekane nyingi. Nyama kavu nafasi mbili, mbegu mbili, jiwe la joto moja. (Ndiyo, jiwe la joto. Ndani ya friji. Baridi inakuja. Tutalizungumza.) Friji ikajaa. Zile nyama mbichi nikaziweka kwenye sanduku la mbao, nikafunga, nikajiona mtu mzima.

Wanaocheza mshaanza kushika vichwa. Kwa wasiocheza: asali kwenye mchezo huu haiozi kabisa. Nyama mbichi inakaa siku 6. Friji inapunguza kasi ya kuoza kwa nusu; sanduku halipunguzi chochote, sanduku ni sanduku. Na nyama 20 zinaenea nafasi moja. Moja! Ningerudisha tu asali yangu pamoja.

Siku ya 22. Baridi imeingia jana yake, matumbo yanalia, moto umekolezwa, sufuria iko tayari. Jamaa anauliza, "Bosi, tunakula nini?" Nikasema... ngojeni nimeze mate... nikasema, "Karibuni ghalani."

Natembea taratibu, makusudi. Nikauzunguka moto mara moja ili wote wanione. Nafungua. Kifuniko kinatoa kile kimlio chake. Nafasi nane tupu. Ya kwanza ina kibonge cha kijani kilichochoka, na kando yake namba 20.

Wallahi nilidhani ni cha mtu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuuliza nani kaweka uchafu wake kwenye nyama zangu. Nikasogeza kishale kisome jina. Kikasoma. Nikakitoa, nikakirudisha. Nikafunga sanduku, nikafungua tena, kama mtu anayezima simu na kuiwasha akitumaini itapona. 20. Hakuna hata moja iliyopungua, zimeoza kwa umoja na mshikamano. Kwenye hedseti kimya. Halafu nikasikia mtu anapumua kwa pua, ile pumzi ya aliyebana kicheko.

"Hakuna shida," nikasema. "Hii ni mbolea."

Vichaka vya matunda havizai wakati wa baridi. Wote watatu tulilijua hilo.

Basi kwa kiburi tu nikala kimoja, mbele yao, kana kwamba ndivyo nilivyopanga. Njaa ikazidi. Kile kitu badala ya kujaza tumbo kinalipunguza! Hapo ndipo klipu inapokatika, na kile kicheko ndipo kinapopasuka.

Yaliyofuata ni mafupi. Nyama kavu na asali wakagawana wawili, wakasema msimamizi ale alichohifadhi. Nikafa njaa. Sasa ni mzimu, naelea juu ya friji. Wa kunifufua anapaswa atengeneze moyo, na anayejua pa kupata vifaa vyake ni yule yule jamaa, ambaye alitoka kwenda kuvitafuta kwenye theluji akiwa amebeba jiwe langu la joto.

Lilikuwa la baridi kama barafu. Sasa tuko mizimu wawili.