Surua hailipuki kwa sababu mama ni mzembe

Surua ikilipuka vijijini, iwe Monduli, Longido au Ngorongoro, huku mjini Arusha watu huwa na maelezo tayari: wafugaji hawataki chanjo, wana imani potofu, akina mama hawajali. Nimeyasikia kwenye daladala, nimeyasikia hata kwa watu waliosoma. Siyakubali.

Imani zipo, sikatai. Wapo wazee wanaosema surua lazima kila mtoto aipitie, na wapo wanaomfungia mgonjwa ndani badala ya kumpeleka zahanati, kwa kuamini kwamba mwenye surua hachomwi sindano. Lakini ukikaa na akina mama wenyewe na kuomba kadi za kliniki, unakuta jambo jingine. Nyingi zimejazwa vizuri tangu mtoto alipozaliwa. Pengo linaanzia kwenye mstari wa surua, na mara nyingi ni dozi ya pili.

Chanjo ya surua na rubela hapa kwetu hutolewa mara 2, mtoto akiwa na miezi 9 na tena akifika miezi 18. Dozi ya pili iliingia kwenye ratiba ya kawaida mwaka 2014. Kati ya hizo mbili kuna miezi 9 mizima. Mtoto ameanza kutembea, haumwi, mama huenda ana mimba nyingine, na kliniki iko mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Kama ni kiangazi, huenda familia imeshahama kufuata maji na malisho. Ukame wa 2021 na 2022 uliua mifugo mingi sana upande wa Longido na Monduli, na mwaka wa namna hiyo tarehe ya kliniki inashindana na njaa.

Halafu kuna suala la kichupa, na hapa ndipo ninapoumia. Kichupa kimoja cha chanjo hii kwa kawaida kina dozi 10. Ni unga, unachanganywa na maji yake maalumu, na ukishachanganywa unatumika ndani ya saa 6 tu. Kinachobaki kinatupwa. Sasa mama amekuja na mtoto wake, na pale benchini wapo watoto wawili tu. Nimesimama kwenye zahanati moja nikashuhudia nesi akimwambia mama, kwa upole kabisa, "Yeyo (yaani mama, kwa Kimaasai), leo mko wachache, siwezi kufungua. Njoo siku ya chanjo." Mama hakubisha. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka na jua lile la saa sita. Nesi naye simlaumu sana, kwa sababu dozi zikimwagika ni yeye atakayeulizwa. Ila Shirika la Afya Duniani linaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na nadhani ni haki. Dozi 9 zilizomwagwa zinauma, lakini mtoto aliyerudishwa huenda asionekane tena hapo.

Piga hesabu kidogo. Chukua kata inayozaa watoto 100 kwa mwaka. Tuseme 80 wanapata dozi ya kwanza na hawarudi kwa ya pili. Dozi moja ya miezi 9 hukinga takriban 85 kati ya 100, kwa hiyo waliokingwa kweli ni 68. Wamebaki 32. Mwaka unaofuata 32 wengine, na wa tatu vivyo hivyo. Ndani ya miaka mitatu una watoto karibu 100 wasio na kinga katika kata moja, na wote wanaonekana wazima. Ni kuni kavu zinazorundikwa kimyakimya. Ndiyo maana surua hukaa miaka bila kusikika, kisha ikaibuka ghafla na kila mtu akashangaa imetoka wapi.

Kuufikia mrundo huo haihitaji kazi kubwa. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Virusi hukaa hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Tena anaanza kuambukiza siku 4 kabla vipele havijatoka, wakati dalili zake ni mafua, kikohozi, homa na macho mekundu, yaani hali ya mtoto yeyote wa msimu wa vumbi. Mama anapanda naye gari kwenda mnadani au msibani, na usiku watoto wa boma zima wanalala pamoja kwenye nyumba moja yenye moshi. Kwa mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo na upungufu wa vitamini A, kinachofuata ni nimonia au kuhara, na wengine hupoteza macho.

Kampeni zinasaidia. Ile ya Februari 2024 ililenga watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 5 nchi nzima, na iliwafikia wengi ambao kadi zao zilikuwa na mapengo. Lakini kampeni hupita, na watoto wanaendelea kuzaliwa. Kinachotakiwa ni huduma ya mkoba, yaani wahudumu kuwapelekea watu chanjo waliko, isiyokufa pikipiki inapokosa mafuta au masika yanapokata njia, iwafuate watu siku za mnada pale pale mnadani, wakati mama na mtoto wameshakuja wenyewe. Wakuu wa halmashauri wanaopanga bajeti wanalijua hili. Waweke fedha hapo kabla ya semina nyingine ya kuwaelimisha akina mama.

Na wewe mwenye mtoto, au mjukuu anayelelewa kijijini, omba kadi yake uitazame leo. Surua iandikwe mara mbili. Kama ni moja tu na miezi 18 imeshapita, hajachelewa kuchanjwa, mpelekeni. Wakisema mko wachache, ulizeni siku ya chanjo ni lini, kisha zungukeni kwa majirani mkusanye watoto wengine mwende nao.