Sanamu ya Askari: wapagazi waandikwe majina?

Ukitaka kuizuru Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, nenda Jumapili asubuhi. Imo katikati ya mzunguko wa magari Mtaa wa Samora, na siku nyingine huwezi kuizunguka kwa utulivu. Wengi humpiga picha askari wa shaba aliyeelekeza singe bandarini, wakaondoka. Lakini waliokufa kwa wingi wamechongwa chini yake, ubavuni: wapagazi, waliobeba mizigo ya majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapo wanaotaka wajengewe ukuta wa majina yao, na wapo wanaoupinga.

Ilizinduliwa 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watakumbuka jina lako. Jina lenyewe hakuna hata moja. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao milioni moja, na zaidi ya 95,000 walikufa kwa hesabu rasmi. Risasi iliua wachache. Waliobaki walimalizwa na malaria, kuhara damu na chakula: mtu aliyezoea ndizi alipewa unga wa mahindi, bila kuni wala muda wa kuuivisha, kisha akabebeshwa zaidi ya kilo 20.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Hapo ndipo hoja ya ukuta wa majina inapopata nguvu.

Wanaoupinga wana hoja nzito. Wapagazi wengi wa upande wa Wajerumani hawakuwahi kuorodheshwa. Wagogo waliokufa katika njaa ya Mtunya, baada ya majeshi kuchukua nafaka na ng'ombe wao, hawakuwa kwenye daftari la mtu. Ukuta ungekumbuka waliolipwa na mshindi tu.

Hata hivyo naunga mkono majina. Pengo la orodha limetumika miaka mingi kama kisingizio cha kutofanya lolote. Yawekwe Kariakoo, ilipokuwa kambi yao, maana kwenye mzunguko familia haina pa kusimama ikatafuta. Paachwe nafasi ya majina yatakayopatikana, na Mtunya iwe na jiwe lake. Majina yapangwe kwa wilaya, si kwa alfabeti: makarani wa kigeni waliyaandika walivyoyasikia, na akina Juma wasiotajwa baba wala kijiji hawatatambulika na wajukuu wao.