Msimu wa kumwaga oili? Chomoa stiki kwanza

Umerudi tena ule ujumbe. Kila mwaka Februari ikielekea ukingoni lazima mtu aurushe kwenye grupu letu la mtaa: wenye magari ya zamani mwageni oili kabla majira hayajabadilika, injini iipokee baridi ikiwa na oili mpya. Chini yake mikono ya kusali na maua. Safari hii kuna aliyethubutu kuuliza, jamani, baridi ya Dar inaanza lini? Akajibiwa, tena kwa kujiamini kabisa: mwezi wa sita.

Mwezi wa sita! Sawa, Dar ikishuka hadi nyuzi 18 alfajiri watu wanatoa masweta kabatini. Lakini oili ya 5W-30 (namba ya kwanza, yenye W, ni uzito wake kwenye baridi) inapimwa maabara kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hata 20W-50, ile nzito ambayo mafundi wetu wanaimiminia kila injini inayopita mbele yao, kipimo chake cha baridi ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Ushauri ule waliandikiwa watu wa Kanada na Ulaya ya kaskazini, ambako gari likilala nje usiku wa Januari, asubuhi oili imekuwa kama asali na starta inalia. Kwao una maana. Wewe wa Kimara unautakia nini?

Haya, watu wa Njombe na Makete msinirushie mawe. Nyie Juni na Julai mnaona umande umeganda kwenye majani, na gari lenye oili nzito huamka kwa manung'uniko. Wekeni 10W-30 au 5W-30 kama injini inaruhusu, iwahi kupanda juu asubuhi. Nimemaliza na baridi.

Kinachonikera hasa si baridi. Ni kwamba swali la msimu linamfanya mwenye gari la zamani aamini kuwa akishamwaga oili kwa tarehe nzuri, kazi imekwisha. Anabandikiwa stika kwenye kioo, rudi baada ya kilometa 5,000, anafunga boneti na hafungui tena mpaka stika imwambie. Kwenye gari jipya unaweza kuponea hapo. Kwenye gari la miaka ishirini na kitu unaua injini huku unajiona mtunzaji.

Kuna mzee jirani yangu, mstaafu, ana Corolla ya miaka ya tisini anayoifuta vumbi asubuhi na jioni. Oili humwaga kabla ya masika, hakosi. Juzi kati gari likaanza kugonga, akaniita kwa kuwa nilikuwa napita.

"Shikamoo mzee. Oili umeangalia?"

"Marahaba. Oili nilimwaga mwezi wa pili, mwanangu. Stika hiyo hapo, soma."

Nikasoma. Bado kilometa elfu moja na ushee. Tukachomoa stiki, kile kijiti cha chuma cha kupimia oili, tukaifuta kwa kitambaa, tukairudisha, tukaichomoa tena: imelowa kwenye ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini. Mzee akainama kunionyesha sakafu ya kibanda, safi, hakuna hata tone. "Haivuji hii." Kweli, haivuji. Inaungua. Ringi za pistoni zimechoka, oili inapanda inachomwa pamoja na petroli, na ule moshi wa bluu wa asubuhi ameuzoea hata hauoni tena. Stika ilikuwa inasema kweli na injini ilikuwa inakufa.

Tupige hesabu kidogo. Injini ya 1NZ-FE, hii ya IST na baadhi ya Vitz zilizojaa mtaani, inabeba lita 3.7 ukibadilisha na filta. Vitabu vya Toyota vyenyewe vimeandika kwamba ulaji wa oili unaweza kufika lita 1 kwa kilometa 1,000. Tuchukue gari lako halina njaa hiyo, linakula nusu tu. Ukifika kilometa 5,000 za stika, lita 2.5 zimeshapotea. Umebaki na lita 1.2 kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na hiyo ndiyo inayozunguka kulainisha, kupooza na kusafisha kila kitu, ukiwa umekwama Tazara saa nane mchana AC inawaka. Halafu unaniuliza masika au kiangazi?

Na usiingoje taa nyekundu ya kibirika kwenye dashibodi. Ile inawaka presha ya oili ikiwa imeshuka, haikuambii oili imepungua. Ikikuwakia ukiwa Mbezi Mwisho, zima injini hapo hapo, usiliendeshe mpaka nyumbani.

Stiki haihitaji fundi. Gari liwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa oili ishuke. Futa, rudisha, chomoa, soma. Iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu, isiivuke. Kila Jumamosi unapoosha gari, basi. Kutoka alama ya chini hadi ya juu si oili nyingi, kwa hiyo usimimine kama unatia maji kwenye ndoo. Ikizidi nayo ni balaa, krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inaichapa inatoka povu, na povu halilainishi kitu.

Weusi usikutishe. Oili inayofanya kazi huwa nyeusi, inabeba uchafu, ndiyo kazi yake. Utishike ukiikuta na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo imeingia maji, ama gasketi ya silinda hedi imekwenda ama ulivuka Jangwani iliyofurika siku ambayo daladala zenyewe ziligeuza. Hapo, nakubali shingo upande, masika yana neno: ukipita kwenye maji yaliyofika kwenye bampa, angalia stiki siku hiyo hiyo, na ukiona maziwa mwaga, hata kama ulimwaga jana. Kiangazi nacho kina vumbi, lakini dawa yake ni eya klina, chujio la hewa.

Hata hizo kilometa zenyewe mnazoziamini kuliko jirani zenu zinadanganya. Injini iliyosimama kwenye foleni inazunguka kama mara 700 kwa dakika, yaani mara 42,000 kwa saa, na dashibodi haijaongeza hata kilometa moja. Kwenye barabara kuu ukitembea 100 kwa saa kwa mizunguko 2,500, hiyo mizunguko 42,000 ingekufikisha karibu kilometa 28. Mtu wa Mbagala anayekaa saa mbili kwa siku kwenye foleni anazeesha oili kimyakimya. Huyo asisubiri 5,000. Na lile gari la kanisani na misibani, lisilofika hata kilometa 2,000 kwa mwaka, limwage mara moja kwa mwaka, mwezi wowote unaokumbuka. Safari fupifupi injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu.

Oili feki sitaigusa leo, nitapandisha presha. Oili chafu nayo, ile fundi anayosema "niachie tu bosi" kisha inapakwa kwenye mbao za fensi dhidi ya mchwa, ina makala yake, hasa inayomwagwa mtaroni.

Kama lazima muwe na msimu, basi tuutaje tunaoujua wote: Desemba. Wachaga mnaopanda Moshi kwa Krismasi mnajijua. Tarehe 22 gereji zimefurika, kila mtu anataka servisi leo kesho aanze safari, fundi ana magari tisa na mikono miwili. Hapo ndipo filta ya oili inafunguliwa na mpira wake wa zamani unabaki umenata kwenye bloku ya injini, filta mpya inafungwa juu yake, mipira miwili. Kwenye kuwasha haivuji. Inavuja ukiwa katikati ya Chalinze na Segera, presha imepanda, na inapovuja haidondoki, inatapika. Watu wameziacha injini zao pale barabarani kwa mpira mmoja tu.

Kwa hiyo mwaga wiki mbili kabla ya safari. Tumia gari kwenda kazini, chungulia chini ya uvungu kila asubuhi, kaza kinachohitaji kukazwa ukiwa bado jirani na gereji. Filta ikifunguliwa simama pale, mwambie fundi akuonyeshe mpira wa zamani. Atanuna, mwache anune. Na lita 4 ulizonunua, injini imechukua 3.7. Ile inayobaki kwenye dumu si ya fundi, umeilipia, na ndiyo utakayoongezea ukifika Korogwe. Funga kizibo, tia kwenye buti, ondoka nayo.