Afya ya akili isiishie Butabika

Kila serikali ya Uganda inapozungumzia afya ya akili, jina la kwanza kutajwa ni Butabika, hospitali iliyoko hapa Kampala. Naiheshimu hospitali ile. Ipo tangu 1955, ndiyo hospitali pekee ya taifa ya rufaa kwa magonjwa ya akili, na wauguzi wake wamebebeshwa mzigo mkubwa mno: vitanda ni takriban 550, na mara nyingi waliolazwa huvizidi kwa mamia. Lakini mama muuza nyanya wa soko la Kalerwe, asiyepata usingizi tangu mtaji wake uliwe na korona, haendi kutafuta kitanda Butabika. Anataka mtu wa kumsikiliza, karibu na kwake, mapema. Nadai huduma hiyo iwe kazi ya serikali, mtaani, yenye mshahara.

Huku kwenye mitaa ya Kampala ya Bwaise, Katwe, Kisenyi na Namuwongo, wakati wa korona chumba kimoja ndicho sebule, ndicho jiko, ndicho cha kulala, na ndimo tulimoambiwa tujifungie. Boda walikatazwa kubeba abiria kuanzia Machi hadi Julai 2020, ilhali wengi walikuwa na pikipiki za mkopo. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kuna mabinti ambao siku hiyo hawakurudi darasani, walikuwa wanalea. Kuna wavulana waliokwishazoea waragi, pombe kali ya kwetu. Amri ziliondolewa, madeni yakabaki, na hakuna aliyepita mlango kwa mlango kuuliza watu wanaendeleaje moyoni.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, hadi kituo kimoja cha afya. Chumba cha kuonea wagonjwa kilitenganishwa na foleni kwa pazia tu. Muuguzi alikuwa na huruma, ila amechoka, na watu wamejaa hadi nje. Akamuuliza kwa Kiganda anasumbuliwa na nini. Jirani yangu anakijua Kiganda cha sokoni: bei gani, nipunguzie, niongeze kidogo. Kumweleza mtu kwamba kuna asubuhi unatamani usingeamka, na nyuma ya pazia umesikia kikohozi cha mtu wa mtaa wako, hilo hakuliweza. Akasema kichwa kinamuuma. Tukarudi na panadol.

Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili, lugha ya jirani yangu, kuwa lugha rasmi Julai 2022. Mahali pa kukitumia ni pale, kwenye kile chumba, tena kiwe na mlango unaofungwa.

Inaniuma zaidi kwa sababu njia tunaijua. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai, watafiti walijaribu kutibu sonona kwa vikundi vya mazungumzo. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko waliofunzwa kwa wiki mbili. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa 2003: waliokaa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokaa. Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa tiba hiyo 2016. Ushahidi umetoka kwetu, dunia imeuchukua, na sisi mitaani tunangoja shirika lilete mradi. Mradi ukiisha, kikundi nacho kinakufa.

Wapo wanaosema hayo ni ya kanisani na msikitini. Sibishi. Shehe na mchungaji husikiliza watu usiku na mchana, na wengi tumeponea kwao. Wafundishwe tu dalili za hatari, wajue wampeleke nani na wapi, maana wakati mwingine mtu anahitaji dua na vidonge pia. Na mwenye kifafa vidonge vikimkatikia, maneno hayamsaidii.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inataka magonjwa haya yatibiwe hata kwenye vituo vya afya vya msingi. Basi vituo vya Kisenyi, Kisugu, Kawaala, Kitebi na Kiswa kila kimoja kiwe na mhudumu wa afya ya akili anayejulikana kwa siku zake, na dawa zisikatike. Wale VHT wetu, wahudumu wa afya wa kujitolea mitaani, waliopo tangu 2001 na wanaojua kila mlango, wafunzwe kuongoza vikundi na walipwe. Huwezi kumwomba mwanamke asikilize machozi ya zoni nzima wiki baada ya wiki, kisha umpe fulana na asante.

Saa za vikundi nazo zifuate maisha ya watu. Mama lishe hupumua kidogo baada ya chakula cha mchana; boda hukaa stejini abiria wanapopungua. Kwa Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kuna viti na kivuli, madrasa huwa tupu asubuhi za shule. Majengo mapya hatuyahitaji ili kuanza. Bajeti husomwa kila Juni, na wabunge wa Kampala wanatujua tunapoishi: waingie kwenye kamati na kifungu cha mishahara ya VHT na wahudumu hawa, kikiwa kimeandikwa kwa shilingi.