Naam, Wapenzi Wasi...

Redioni kazi yangu ni taarabu na salamu. Fidla naijua, Tanga hii nani asiyeijua? Kwa hiyo mkuu wa vipindi alipotafuta mtu wa kurusha mubashara wageni wanne wapiga muziki wa kizungu wa zamani, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Na posho ilikuwepo, nisiseme uongo.

Ukumbi ulikuwa Raskazone, madirisha wazi kwa joto, nje mlinzi na redio yake. Fidla mbili, viola (ni fidla iliyonenepa kidogo) na selo, lile dude la kukumbatiwa kwa magoti. Hakuna mwimbaji, hakuna ngoma, hakuna hata wa kuwapungia fimbo. Wanatazamana tu, wanavuta pumzi pamoja, wanaanza.

Nilipewa karatasi: Joseph Haydn, 1781, sehemu nne. Nikawa nazihesabu kwa vidole mfukoni nisije nikashukuru mapema. Karatasi ilikuwa na upande wa pili. Sikuugeuza.

Tatu zikapita salama. Ya nne ikatoka mbio kama mtoto aliyekwapua andazi. Mara, kimya. Sasa, kimya redioni ni haramu. Fundi mitambo wetu kule studio akikisikia kinazidi, anachomeka tangazo lolote lililo karibu.

"Naam, wapenzi wasi..."

Tiriri-tiriri! Kumbe bado.

Kimya tena.

"Naam, wa..."

Tiriri!

Mzee wa mstari wa mbele akanigeukia kama mtu aliyesikia "Amina" katikati ya Fatiha. Shangazi yangu, niliyemwalika mwenyewe, alishanyanyuka kwenye kimya cha kwanza na noti ya elfu mbili kwenda kumtunza mpiga selo. Sasa amekwama katikati ya ukumbi, harudi wala haendi, noti juu.

Kikaja kimya kirefu kuliko vyote. Hapa nikajiamini. "Naam, wapenzi wasikilizaji, mmejionea wenyewe, mambo yamekwisha..."

Tiriri-tiriri, kwa sauti ndogo, ya kichokozi kabisa.

Nikaapa sifungui mdomo tena. Wapigaji wakatulia, pinde hewani. Mimi kimya. Ukumbi kimya. Nawatazama, wananitazama. Shangazi na noti yake. Kisha kutoka dirishani, kwenye redio ya mlinzi: "Je, panya wanakusumbua nyumbani?"

Ilikuwa imekwisha kweli.

Wa kwanza kucheka alikuwa mpiga viola, ukumbi wote ukafuata. Ndipo nikageuza karatasi. Kazi ile huitwa Utani: mwishoni Haydn aliukata wimbo vipande na kutia kimya katikati, msikilizaji asijue lini pameisha.

Shangazi akafika kwa mpiga selo, akambandika noti yake kwenye paji la uso, akanipitia mlangoni.

"Hawa taarabu wanaijua, mwanangu," akasema. "Kijembe kile kilikuwa chako."